Maumivu sugu ya viungo vya mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba za muda mrefu

Mtu ambaye mkono umemuuma miezi na miezi huwa ameshapewa ushauri wa kila aina. Huyu kamwambia apake, yule kamwambia achomwe sindano, mwingine kamtisha kuhusu upasuaji. Maswali yaliyo hapa ni ya watu walioshavuka hatua ya kutuliza maumivu ya leo, na sasa wanataka kujua wataishije na mikono yao miaka ijayo.

Mimi nataka dawa tu. Kwa nini kila mara naambiwa kwanza tujue ni ugonjwa gani?

Kwa sababu magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuumiza mikono yanataka mwendo tofauti kabisa. Katika baridi yabisi, ambayo hospitalini huitwa rumatoidi, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo, na kila mwezi unaopita bila dawa sahihi unaweza kuacha mfupa umeliwa. Huko hasara ni kuchelewa. Katika kusagika kwa viungo, yaani osteoathritisi, gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua taratibu kwa miaka, na hakuna dawa iliyothibitika kulirudisha. Huko hasara huletwa na pupa: mtu anazoea vidonge vikali au anakimbilia kisu kabla hajajaribu njia nyepesi. Aliyekosea jina la ugonjwa atakwenda pole pole panapotaka haraka, au atakimbia panapotaka subira.

Weka mikono yote miwili mezani penye mwanga, uiangalie. Vinundu vigumu kwenye kiungo cha mwisho, kile kilicho karibu na ukucha, ni dalili ya kusagika; madaktari huviita vinundu vya Heberden, kwa jina la tabibu Mwingereza wa karne ya 18. Vikiwa kwenye kiungo cha kati huitwa vya Bouchard. Kusagika hupenda pia shina la kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono. Kikizidi, sehemu hiyo hutokeza nje na mkono huonekana wa pembe. Asubuhi vidole hukakamaa, lakini kwa kawaida hulainika kabla ya nusu saa kwisha.

Baridi yabisi hupendelea vile vifundo vinavyojitokeza ukikunja ngumi, viungo vya kati vya vidole, na vifundo vya mikono, mara nyingi kulia na kushoto kwa pamoja. Uvimbe wake ni laini, unabonyea. Ukakamavu wa asubuhi huweza kupita saa nzima. Wengi hugundua siku wanapopewa mkono kwa nguvu: kule kuminywa vifundo kwa ubavu kunawatoa machozi.

Yapo na magonjwa mengine. Mwenye soriasisi ya ngozi, au ambaye kucha zake zina vitundu vidogo vidogo, anaweza kuwa na ugonjwa wa viungo unaoambatana nayo. Jongo nalo, ingawa limezoeleka kwenye dole gumba la mguu, huweza kuvamia vinundu vya vidole vya mkono, hasa kwa wazee wanaotumia dawa za kukojoza. Na ganzi ya usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi si ugonjwa wa kiungo kabisa. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, na tiba yake ni nyingine.

Kipimo cha damu kikitoka safi, maana yake sina baridi yabisi?

Hapana. Wapo wagonjwa ambao kipimo cha "rheumatoid factor" na kile cha anti-CCP hutoka hasi, na ugonjwa wanao. Kinyume chake, rheumatoid factor huweza kuonekana kwa mtu mzima wa afya, hasa mwenye umri mkubwa. Eksirei nayo mwanzoni inaweza isioneshe kitu. Ndiyo maana daktari mzuri hugusa kila kiungo kwa vidole vyake kabla ya kuangalia karatasi, na mara nyingine huongeza kipimo cha altrasaundi.

Nimeambiwa ni kusagika. Nianzie wapi?

Anza na yale yasiyo na madhara, na uyafanye kwa dhati. Hii ndiyo sehemu watu huipita haraka kwa sababu haina sindano wala kidonge, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa zaidi ukiangalia miaka mitano mbele.

Fikiria shina la kidole gumba. Ukibana kitu kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada kwa nguvu ya kilo 1, mzigo unaofika kwenye shina hukaribia kilo 12. Hesabu hiyo pekee inaeleza kwa nini kufungua kizibo, kuzungusha ufunguo au kukamua nguo kunaumiza kuliko kubeba ndoo yenye mpini mnene. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza kubana. Nenepesha mipini ya vitu unavyoshika kila siku, kalamu, mswaki, kisu, kwa kuivingirisha kitambaa au sponji. Fungua chupa kwa kiganja kizima, kitambaa chenye kunata kikiwa chini ya mkono. Nyanyua chombo kizito kwa viganja viwili, usikining'inize kwenye vidole. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaweza kukaa nawe akapitia kazi zako moja moja, na anaona mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni.

Kisha mazoezi: kukunja na kukunjua vidole taratibu, kugusisha ncha ya kidole gumba na kila kidole, kufinya kitu laini bila kulazimisha. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana shida. Yakiendelea hadi kesho yake, umezidisha. Nafuu ya mazoezi ni ya wastani na hudumu kwa anayeendelea nayo.

Banzi la kidole gumba linasaidia, au linadhoofisha misuli?

Banzi, yaani kifaa kigumu cha kukishikilia kidole kisicheze, ni moja ya vitu vya kujaribu mapema kwa maumivu ya shina la kidole gumba. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2009 uliwavalisha wagonjwa banzi usiku: baada ya mwezi mmoja halikuonesha tofauti, baada ya mwaka tofauti ikaonekana. Utafiti mwingine wa baadaye haukupata nyongeza hiyo ya nafuu, kwa hiyo usitegemee muujiza. Ila anayelijaribu siku tano na kulitupa hajalijaribu. Livae usiku au wakati wa kazi zinazoumiza, livue na ufanye mazoezi saa nyingine. Misuli hudhoofika kwa kufungwa mchana kutwa bila kuguswa.

Dawa ya kupaka si ya kujifariji tu?

Kwa mkono, hapana. Viungo vya vidole viko karibu sana na ngozi, kwa hiyo jeli ya diklofenaki huvifikia, na kinachoingia kwenye damu ni sehemu ndogo ukilinganisha na kidonge. Mwongozo wa EULAR, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa magonjwa ya viungo, wa mwaka 2018 unaiweka dawa ya kupaka mbele ya vidonge kwa kusagika kwa mkono. Kosa la kawaida ni kupaka mara moja siku mkono ukiuma na kuacha. Paka kama maelekezo yanavyosema, kwa wiki mbili hivi, ndipo uhukumu. Dawa ya pilipili, kapsaisini, huwasaidia wengine. Nawa mikono kabla hujagusa jicho, usije ukaijutia siku hiyo.

Nikimeza ibuprofeni au diklofenaki kwa miaka, itanidhuru?

Inaweza, na madhara huongezeka kadiri dozi na muda vinavyoongezeka: vidonda vya tumbo na kutokwa damu tumboni, figo kuchoka, shinikizo la damu kupanda, hatari ya shambulio la moyo. Mwenye ugonjwa wa figo, moyo au vidonda vya tumbo, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na mzee kwa ujumla, asijianzishie mwenyewe. Kwa wengine, njia ya busara ni dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache ugonjwa unapochachamaa, pamoja na dawa ya kulinda tumbo daktari akiona inafaa. Na usimeze ibuprofeni na diklofenaki kwa pamoja. Ni ndugu wa ukoo mmoja, unaongeza madhara tu.

Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini nguvu yake kwa ugonjwa huu ni ndogo. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, na mwenye ini bovu au anayekunywa pombe nyingi anahitaji kiwango cha chini ya hapo. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani.

Sindano ya steroidi kwenye kiungo je?

Steroidi ni dawa kali ya kushusha uvimbe. Nafuu ya sindano yake, ikija, ni ya wiki kadhaa, pengine miezi michache. Kwa shina la kidole gumba tafiti hazijaonesha wazi kwamba inashinda sindano isiyo na dawa. Kwa viungo vya kati vya vidole vilivyovimba inaweza kufaa. Mimi naiona kuwa kitu cha kukuvusha kwenye kipindi kigumu, isiwe mpango wa maisha wa kila baada ya miezi mitatu. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari huweza kupanda kwa siku kadhaa baada ya kuchomwa.

Nimesikia methotreksati, ile dawa ya baridi yabisi, sasa inatolewa hata kwa kusagika. Ni kweli?

Kuna mwanzo wa ushahidi, tena kwa kundi maalumu. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Australia ambapo watu wenye kusagika kwa mkono pamoja na uvimbe wa utando wa kiungo walipewa methotreksati miligramu 20 kwa wiki, kwa miezi sita. Maumivu yalipungua kwa kiasi cha wastani kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Walikuwa wagonjwa 97 tu. Ni jambo la kuzungumza na bingwa ikiwa viungo vyako vinavimba na njia nyingine zimegoma, si la kuanza kwa kuazima vidonge vya jirani. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya baridi yabisi, nayo ilipimwa kwa mwaka mzima nchini Uingereza na haikupunguza maumivu ya ugonjwa huu.

Mimi nina baridi yabisi, na nimeandikiwa methotreksati. Nimesoma ni dawa ya saratani, naogopa.

Hofu hiyo ndiyo inayopoteza viungo vingi kuliko dawa yenyewe, kwa hiyo tuikabili. Ni kweli hutumika kwa saratani, lakini kwa dozi kubwa mno. Kwa baridi yabisi hutolewa kidogo, mara moja tu kwa wiki, na imekuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huu kwa miongo kadhaa kwa sababu inazuia mfupa kuliwa. Dawa za maumivu hazifanyi hivyo: ukizitegemea utajisikia nafuu huku kiungo kinaendelea kuharibika kimya kimya.

Mambo ya kushika ni machache lakini hayana mzaha. Chagua siku moja ya wiki na uiandike kwenye boksi la dawa. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewahi kuua watu. Tumia asidi ya foliki kama ulivyoandikiwa, inapunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Pima damu, ini na figo: mara kwa mara mwanzoni, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu hali ikitulia. Punguza pombe, au iache. Na popote utakapotibiwa maradhi mengine, taja kwamba unatumia methotreksati, hasa kabla hujapewa kotrimoksazoli, ile wengi wanayoiita septrini. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuangusha uzalishaji wa damu.

Haifanyi kazi papo hapo. Wiki 6 hadi 12 ni kawaida. Kama baada ya miezi mitatu hakuna badiliko lolote, au baada ya miezi sita ugonjwa haujatulia, tiba inapaswa kubadilishwa au kuongezewa: sulfasalazini, haidroksiklorokwini ambayo inataka macho yachunguzwe kadiri miaka inavyokwenda, lefunomidi, au dawa za kibiolojia, yaani zile zinazotengenezwa kwa seli hai na kulenga sehemu maalumu ya kinga. Usikubali kuambiwa "endelea hivyo hivyo" mwaka mzima mikono ikiwa bado imevimba.

Dawa za kibiolojia ni bora kuliko vidonge vya kawaida?

Zina nguvu, na kwa ambaye vidonge vimeshindwa zinaweza kubadilisha maisha. Lakini wengi hutulia kwa methotreksati bila kuzifikia. Zinashusha kinga, kwa hiyo kabla ya kuanza lazima upimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala mwilini bila dalili, pamoja na homa ya ini. Gharama ni kubwa, na suala si kuanza tu bali kuendelea: uliza mapema nani atalipa baada ya mwaka wa kwanza, na dawa itahifadhiwa wapi, maana nyingi hukaa kwenye jokofu.

Prednisoloni inanipa nafuu kuliko zote. Kwa nini nisiendelee nayo?

Kwa sababu deni lake huja baadaye. Prednisoloni ni steroidi ya vidonge, na miezi na miaka ya kuitumia hudhoofisha mifupa mpaka ivunjike kirahisi, hupandisha sukari na shinikizo, huleta mtoto wa jicho, huujaza uso na kufungua mlango kwa maambukizi. Katika baridi yabisi nafasi yake ni ya daraja: dozi ndogo wakati dawa ya kudumu inangojewa ifanye kazi, kisha ipunguzwe, ikiwezekana ndani ya miezi mitatu. Uliyeitumia kwa wiki nyingi usiikate ghafla. Mwili umeacha kutengeneza steroidi ya kwake, na unaweza kuzimia au zaidi ya hapo. Punguza kwa ratiba ya daktari.

Na dawa za asili na virutubisho?

Kondroitini imeonesha nafuu ndogo kwa kusagika kwa mkono, na madhara yake si mengi. Ukiijaribu miezi michache bila kuona kitu, tunza pesa yako. Glukosamini ushahidi wake ni hafifu.

Kinachonitia wasiwasi ni chupa inayouzwa kama "mitishamba mitupu" na inayofanya maajabu ndani ya siku mbili. Mitishamba haiendi mbio namna hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu virutubisho vilivyouzwa kwa jina la Artri King baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, steroidi kali, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Ukishatumia kitu cha namna hiyo kwa muda, mwambie daktari bila kuona aibu, kwa sababu hata kukiacha kunahitaji uangalizi.

Kualisha vidole na kunawa maji baridi ndiko kulikoniletea ugonjwa huu?

Hapana kwa yote mawili. Daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, aliualisha mkono wa kushoto tu kwa zaidi ya miaka 50 na kuuacha wa kulia. Mikono yote miwili ilibaki sawa. Maji baridi yanaweza kuongeza maumivu kwa mwenye ugonjwa tayari, na maji ya uvuguvugu asubuhi hulainisha, lakini hayo ni ya starehe tu.

Upasuaji nifikirie lini?

Kwa kusagika: pale maumivu yanapokukosesha usingizi au kazi ya msingi, baada ya miezi ya kujaribu kwa dhati yaliyotajwa juu. Eksirei mbaya peke yake si sababu. Wapo wenye picha ya kutisha wanaofanya kazi zao, na wenye picha ya wastani wanaoteseka. Tena vinundu vya vidole mara nyingi huuma vinapoota, kisha maumivu hupungua vikikomaa, ingawa umbo linabaki. Kwa kiungo cha namna hiyo kusubiri kuna faida.

Kwenye shina la kidole gumba, upasuaji uliozoeleka ni kuutoa ule mfupa mdogo uitwao trapezi. Baadhi ya wapasuaji huongeza kushikiza kwa mshipi wa msuli (kano), lakini tafiti hazijaonesha kwamba nyongeza hiyo inazidi kuutoa tu. Maumivu hupungua kwa wengi. Bei yake ni muda: wiki 4 hadi 6 mkono umefungwa, miezi 3 hadi 6 kabla ya kuutegemea, na nguvu kamili huweza kuchukua karibu mwaka. Kama unaishi peke yako, au kazi yako ni ya mikono, hilo lipange kabla ya kusaini fomu. Nani atakufulia na kukusaidia kuvaa?

Kwa kiungo cha karibu na ukucha, njia ya uhakika ni kukiunganisha kiwe mfupa mmoja. Hakitajikunja tena, lakini hakitauma, na watu wengi hushangaa jinsi wanavyokisahau. Kiungo cha kati ni kigumu zaidi kuamua. Kidole cha shahada, ambacho hubanwa kwa ubavu kutwa, mara nyingi huunganishwa. Kidole cha pete au cha mwisho, ambavyo kazi yake ni kukunja ngumi, huweza kuwekewa kiungo bandia cha silikoni. Kiungo bandia huchakaa, na wakati mwingine hutaka kurudiwa. Anayevuta sigara aache kabla, kwa kuwa mfupa wake huunga kwa shida. Na katika baridi yabisi sigara huudhoofisha hata mwitikio wa dawa.

Napanga kupata mtoto. Nifanye nini na dawa?

Usisubiri mimba ishike. Methotreksati hudhuru mimba na huharibu ujauzito. Kwa kawaida mwanamke huiacha angalau miezi mitatu kabla. Lefunomidi ina utaratibu wake mrefu zaidi wa kuiondoa mwilini. Sulfasalazini na haidroksiklorokwini huweza kuendelea. Anayetumia methotreksati na hapangi mtoto atumie uzazi wa mpango wa kuaminika.

Dalili gani hazingoji miadi?

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina joto na wekundu, pamoja na homa: nenda siku hiyo hiyo, huenda ni usaha ndani ya kiungo. Kwa mwenye baridi yabisi, kidole kilichokuwa kikinyooka jana na leo hakinyooki kabisa hata bila maumivu, huenda mshipi wa msuli umekatika, na mpasuaji anatakiwa kukiona mapema kabla cha pili hakijafuata. Kikohozi kikavu na pumzi kubana ukiwa kwenye methotreksati. Choo cheusi ukiwa kwenye vidonge vya maumivu.

Nitajuaje tiba niliyochagua inafanya kazi?

Chagua kazi tatu za mkono ambazo ni zako kweli, kwa mfano kufunga kifungo cha shati, kuandika ukurasa mzima, kumbeba mtoto. Kila moja uipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa ugumu wake, kabla hujaanza tiba. Andika pia ukakamavu wa asubuhi unachukua dakika ngapi, na idadi ya vidonge vya maumivu unavyomeza kwa wiki. Rudia baada ya wiki nane kwa mazoezi na banzi, baada ya miezi mitatu kwa dawa za baridi yabisi, na uende na karatasi hiyo kliniki. Swali "unaendeleaje?" hujibiwa kwa hali ya asubuhi ile tu, na wengi hujibu "naendelea vizuri" kwa adabu. Namba zikiwa hazijasogea, mwambie daktari wazi kwamba mnatakiwa kubadilisha kitu, na umuulize ni kipi kinachofuata.